Usimsifu kwa Kuvumilia Tu: Niliyojifunza kwa Wanawake wa Mbagala

Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani, ikikaribia, mafundi cherehani wa Dar es Salaam wanakesha. Vikundi vya akina mama vinashona sare za vitenge, ofisi zinakodi maturubai, na kwenye simu zetu zinazunguka picha za mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni na beseni kichwani, na chini yake maneno ya sifa: jasiri, mvumilivu, jeshi kubwa. Ninaipenda siku hiyo, na sare huwa nashona. Ila nimeishi na wanawake wa kwenye hizo picha. Nimekula kwao, nimewakopa, wamenikopa, na wamenitoa mahali ambapo sikudhani ningetoka. Nikikumbuka walivyonitoa, uvumilivu ndio kitu kidogo kabisa nilichokiona. Nilichokiona ni ufundi. Wanajua kuhesabu, wanajua kuchagua watu, wanajua wakati wa kukataa. Ufundi unafundishika, na mimi nilifundishwa, kwa hiyo nami naueleza hapa kwa ajili ya dada yeyote anayeanza upya.

Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi Mbagala na watoto, nikafikia kwa mama mkubwa upande wa Kizuiani. Kazi niliyokuwa nayo zamani nilikwisha kuiacha nikiwa kwenye ndoa. Mama mkubwa hakunipa hotuba. Alinipeleka kwa jirani yake anayekaanga samaki, akamwambia, "Mdogo wangu, huyu ni mwanangu, anza kutoka naye alfajiri." Jirani akanitazama miguuni, akauliza kama nina viatu vya kuloa. Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi.

Nitamwita mama wa vibua, maana ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Anaondoka nyumbani kukiwa giza ili awahi Feri, lile soko la samaki la Kivukoni, hatua chache kutoka kivuko cha Kigamboni. Boti zinaingia, samaki wanamwagwa, madalali wanapiga mnada. Mwenye mtaji mdogo akisubiri mpaka samaki wafike kwa wachuuzi wa rejareja atanunua kwa bei iliyokwisha kupanda mara mbili tatu. Kwa hiyo mama wa vibua haendi peke yake. Wako watatu, wanatoka mitaa tofauti ili wasigombanie wateja, wanaunganisha fedha, mmoja wao anasimama mnadani, kisha wanagawana pembeni kwa idadi. Aliyesimama leo kesho anapumzika na mwenzake anasimama. Nilipowauliza wameandikishana wapi, walishangaa. Wanafahamiana makwao, wanajuana waume na watoto, wamezikana wazazi.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni mafungu. Fedha yake haikai pamoja. Ya samaki imefungwa kwenye pindo moja la khanga, ya mafuta na mkaa pindo jingine, nauli iko mkononi, ya mchezo, yaani upatu, iko kwenye kibubu, na ya nyumbani ndiyo inayofungwa mwisho. Wengi wetu tunaanza na ya nyumbani, kisha tunashangaa mtaji umekata. Yeye alisema, "Watoto watalalia uji leo wapate kula kesho na keshokutwa. Nikila ya samaki leo, kesho tunalala njaa sote."

La pili lilinishika zaidi. Mama wa vibua hakusoma mbali, na daftari lake lina michoro kuliko maneno, lakini saa yoyote ya jioni anajua kama amekwisha kuingia kwenye faida. Anawahesabu samaki wake kwenye karai kwa makundi: hawa ni samaki wa mtaji, hawa wa mchezo, hawa wa ugali. Wanaouzwa mwanzo wote ni wa mtaji, mpaka idadi itimie. Baada ya hapo ndipo anaanza kuongeza kipande kwa mtoto aliyetumwa au kumpunguzia bei bibi wa jirani. Anayetaka kukopa saa kumi na mbili jioni anaambiwa arudi saa mbili usiku. Watu wasiojua humwona mkali. Yeye hakopeshi samaki wa mtaji, basi.

Nilipoanza chapati na maharage karibu na eneo la ujenzi, niliichukua hesabu hiyo kama ilivyo. Kilo ya unga wa ngano ilinipa chapati kumi na mbili hivi za ukubwa wangu. Nilikaa chini nikapiga hesabu ya unga, mafuta, mkaa na chumvi, nikajua ni chapati ngapi za mwanzo zinazorudisha gharama. Hizo hazikopeshwi, hazionjwi, haziliwi na wanangu. Ukichukua kimoja tu kutoka kwenye makala haya, chukua hiki. Kila biashara ndogo ina idadi yake: mihogo, vitumbua, juisi ya miwa, kusuka nywele. Itafute idadi yako, uijue kwa moyo.

Kuna jambo jingine la mama wa vibua ambalo picha za Machi haziwezi kulionyesha. Anaufuata mwezi. Wavuvi wa usiku wanaotumia taa huvutia samaki na dagaa kwenye giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti vizuri, wengi hupumzika na samaki huwa haba. Kusi ikivuma kwa nguvu bahari inachafuka, boti nyingine hazitoki. Yeye siku hizo amekwisha kuzipanga. Karai ni lile lile, jiko ni lile lile, lakini kwenye meza kuna mihogo ya kukaanga, kachumbari na pilipili, vitu ambavyo havitegemei bahari. Wateja wanajua, wala hawamuulizi. Mimi nilikuwa namwona kama mtu anayeteseka na hali ngumu, kumbe ana kalenda yake na anaijua kuliko wafanyabiashara wengi wenye maduka. Ukimwona mwanamke amebadilisha biashara ghafla usimhurumie haraka. Muulize kwa nini, utapata somo.

Sasa tuje kwenye fedha za pamoja, maana hapa ndipo wanawake wengi wa mjini wanapookoka au wanapozama.

Mchezo, au upatu, kila mtaa unao. Unatoa kidogo kila siku au kila wiki, kijumbe anakusanya, na zamu kwa zamu kila mmoja anapokea mkupuo. Kijumbe wetu ni mwanamke mwenye kibanda cha mkaa, na sijapata kuona mtu mwenye nidhamu kama yake. Akikusanya anaandika mbele yako. Siku ya kupokea anamkabidhi mtu fedha zake mbele ya shahidi. Ameuguza, amefiwa, na hakuna siku tuliyoambiwa fedha imekwama. Kwake nilijifunza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: namba unayochukua ina maana kubwa. Anayepokea mwanzo amekopeshwa na wenzake bila riba. Anayepokea mwisho amejiwekea akiba. Kwa hiyo usigombanie namba moja kwa sababu tu ni ya kwanza. Jiulize fedha unaitaka ya nini. Mimi niliomba namba iangukie Januari, kwa kuwa ingawa shule za serikali za msingi na sekondari hazitozi ada, sare, madaftari, viatu na nauli vinakuja vyote kwa mpigo mwezi huo.

Na kijumbe umchague vizuri. Ujue nyumbani kwake, ujue amecheza michezo mingapi ikaisha salama, na usicheze michezo miwili kwa kipato kimoja. Ukiona kijumbe anakusihi uingie haraka kwa kuwa namba zinaisha, mpishe.

Vikoba ni hatua nyingine. Mnanunua hisa kila mnapokutana, mnakopeshana kutokana na hisa hizo, kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na magonjwa, na mwisho wa mzunguko, mara nyingi mwaka, mnagawana. Sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, hakuna mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Niliingia nikiwa na haya, nikidhani nitachekwa kwa hisa zangu chache. Nilikuta mwanamke aliyekuwa anauza maji ya kandoro (yale yanayofungwa kwenye vimifuko) siku hizo ana mashine mbili za kushonea, na bado alikuwa ananunua hisa chache kama zangu kwa sababu alikuwa na mgonjwa nyumbani. Hakuna aliyemcheka yeyote.

Kinyume cha haya ni ile mikopo ya haraka tunayoiita kausha damu. Nataka niseme bila kuzungukazunguka, dada yangu: wanawake wenye nguvu kabisa niliowafahamu wameangushwa na mikopo hii. Unapewa fedha asubuhi, rejesho linaanza siku chache baadaye, wakati mwingine kesho yake. Mnadhaminiana kikundi, kwa hiyo mmoja akishindwa, wenzake ndio wanaokuja kubeba. Nimeona jirani akibebewa kitanda, jokofu na televisheni na wanawake waliokula naye pilau ya Idi mwezi mmoja kabla. Nao hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanaogopa vitanda vyao.

Kijumbe wetu anamfundisha kila anayetaka kukopa aulize mambo matatu kabla hajaweka dole gumba. Kwanza, leseni iko wapi? Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kampuni inayokopesha watu inatakiwa iwe na leseni ya Benki Kuu, na ofisi halali haioni haya kuionyesha. Pili, nitarudisha shilingi ngapi jumla? Asikutajie asilimia, akutajie shilingi, ziandikwe. Tatu, ambalo ndilo watu hulisahau: biashara yangu inarudisha fedha lini? Mwenye chapati anauza leo, analipwa leo, kwa hiyo rejesho la wiki anaweza kulibeba. Mwenye kuku wa nyama anawalisha wiki tano au sita kabla hajauza hata mmoja. Rejesho la kila wiki atalilipa na nini? Atalilipa kwa mkopo mwingine, na hapo ndipo damu inapoanza kukauka. Nyongeza yangu mimi: usimwachie mtu kadi yako ya benki wala namba yako ya siri, hata akikuambia ndiyo utaratibu wao.

Kuna fedha za halmashauri pia ambazo wengi hawazifuatilii. Kila halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 ikarejea 2024 kwa utaratibu mpya. Haipatikani haraka, na mwanamke mmoja peke yake haipati, lazima kikundi kilichosajiliwa. Nenda ofisi ya kata, muulize afisa maendeleo ya jamii, nenda na mwenzako mmoja ili mkitoka mkumbushane mlichoambiwa. Wengine watakukatisha tamaa kwamba ni za wenye majina. Uliza mwenyewe, uandike jibu na tarehe.

Nikisema habari za vikundi, siwezi kumpita Bibi Titi Mohamed. Tunapita kwenye barabara yenye jina lake pale Mnazi Mmoja, tukiwa tumebanana ndani ya daladala, na sijui ni wangapi tunamkumbuka. Alizaliwa hapa Dar es Salaam mwaka 1926, akasoma miaka michache tu, akawa mwimbaji wa kikundi cha ngoma. Mwaka 1955 TANU ilipotaka wanawake wajiunge na harakati za uhuru, hakuanza na wenye vyeti. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma na vyama vya kuzikana na kusaidiana vya wanawake wa mjini, na maelfu wakachukua kadi. Wengi wao walikuwa wapishi, wauza vitumbua, wanawake wasiojua kusoma. Mtandao ulikuwepo tayari, wa harusi, ngoma na misiba. Yeye aliupa kazi nyingine. Baadaye alipitia mazito, alifungwa kwa kesi ya uhaini na akatoka kwa msamaha mwaka 1972. Nikikaa kwenye kikoba chetu chini ya mwembe, nikasikia mwanamke mmoja anawaambia wenzake "tusipoteze muda, tuanze," huwa naona ni mtaa ule ule, ila mwaka umebadilika.

Hapa sasa nije kwenye neno vumilia, kwa kuwa limetuumiza.

Tulifundwa tuvumilie. Mwari anaambiwa hivyo ndani, bibi harusi anaambiwa hivyo kwenye kitchen party akiwa amezungukwa na mabeseni na masufuria mapya, na mjane anaambiwa hivyo msibani. Sipingi subira. Kuamka alfajiri kila siku ni subira, kulea ni subira. Lakini nimewaona wanawake wanaosifiwa kwa kuvumilia kipigo, kuvumilia mume anayeuza kiwanja bila kuwaambia, kuvumilia mawifi wanaokuja kuchukua makochi siku ya arobaini. Sifa hizo ni mzigo mwingine tunaowatwisha. Mwanamke akishaitwa mvumilivu na mtaa mzima, ataogopa kwenda kushtaki, maana ataonekana ameshindwa.

Mwanamke aliyenifumbua macho ni shangazi yangu, dada yake baba. Alijenga na mumewe huko Chamazi, matofali kwa matofali, yeye akiuza mkaa na kushona mikeka, mume akifanya kazi bandarini. Kila risiti ya saruji, ya mabati, ya fundi, aliitia kwenye bati la maziwa. Nilimuuliza kwa nini, mumewe ni mtu mwema. Akanijibu, "Mwanangu, namwekea yeye pia. Nikifa mimi kwanza, ndugu zangu wasije wakamsumbua." Baadaye mume ndiye aliyetangulia, na ndugu wa mume walipokuja na maneno, bati lilifunguliwa mezani mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Maneno yalikwisha siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo dada yangu, hata kama ndoa yako ni ya asali, jua haya. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja ndoa inapovunjika. Na kazi ya nyumbani je? Swali hilo lilifika Mahakama ya Rufani mwaka 1983 kwa kesi ya mwanamke wa kawaida kabisa, Bi Hawa Mohamed, dhidi ya aliyekuwa mumewe, Ally Sefu. Mahakama chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikaamua kwamba kupika, kufua, kutunza nyumba na familia ni mchango katika kupatikana kwa mali. Bi Hawa mwenyewe rufaa yake ilikataliwa, kwa sababu za hesabu ya fedha baina yake na mume. Hakupata alichokifuata. Lakini kila mama wa nyumbani aliyepata fungu lake mahakamani tangu hapo amepita kwenye mlango ambao Bi Hawa aliugonga. Namwaza mara nyingi. Sijui kama kuna aliyemshonea sare.

Kifungu cha 59 cha sheria hiyo hiyo kinakataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ukinunua kiwanja huku kwetu ambako hakujapimwa, mkataba wa mauziano ukiandikwa ofisi ya serikali ya mtaa, hakikisha jina lako limo, hata kama fedha nyingi imetoka kwa mume. Useme mapema, kwa upole, kabla mashahidi hawajatia sahihi. Ukishasubiri waondoke, utaonekana unaleta ugomvi.

Na kipigo hakina subira. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Unachukua fomu ya PF3, unatibiwa, daktari anaandika alichokiona. Usiende peke yako kama unaweza. Mimi nimesindikizwa na nimesindikiza, na najua uzito wa kuwa na mtu pembeni yako kwenye benchi lile, hata asiposema kitu. Kama wewe ni jirani na unasikia, usimwambie avumilie kwa ajili ya watoto. Muulize, "Twende saa ngapi?"

Miili ya wanawake hawa nayo tunaisahau. Mama lishe anapulizwa na moshi tangu alfajiri, mwuza samaki anasimama kwenye maji ya chumvi, mwuza mbogamboga anabeba tenga kutoka sokoni mpaka mtaani, na wote watakuambia hawana muda wa hospitali. Mama mmoja wa kikoba chetu alikuwa anatokwa damu isiyo ya kawaida kwa muda mrefu, akaificha kwa sababu alikuwa na rejesho la kulipa. Alipofika Ocean Road, hospitali ya saratani, ilikuwa imechelewa. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na uchunguzi unaweza kuona mabadiliko kabla hayajawa saratani. Baada ya msiba ule kijumbe alipanga zamu: leo wawili wanakwenda kupima kwenye kituo cha afya cha serikali, wawili wanabaki na meza zao, wanauza na kukabidhi mauzo. Kikundi kizima kilipima. Wenye mabinti wadogo pia walifuatilia chanjo ya HPV ya kukinga saratani hiyo, ambayo nchini ilianza kutolewa kwa wasichana mwaka 2018. Kama una kikundi, fanyeni hivyo mwezi huu. Ukisubiri mtu apate nafasi peke yake hatapata kamwe.

Kwa kaka zangu na wateja nina machache. Lipa deni lako la chakula siku uliyosema, maana unapochelewesha umekula mtaji wa mtu. Usimbane mwenye fungu la mchicha apunguze bei wakati dukani umelipa bila kuuliza. Kama mkeo ana meza, jifunze kuiuza, siku akiugua isilale.

Na wewe unayetaka kuanza, tafuta mwanamke mmoja mtaani kwako ambaye biashara yake imedumu. Nenda saa ambayo hana wateja wengi, nunua kitu kwanza, kaa, umsalimie vizuri, kisha muulize swali moja: mtaji wako ukikata, unaanzia wapi? Nimewauliza wengi, na hakuna aliyenijibu kwamba anaanza na nguvu zake peke yake. Mama wa vibua alisema anaanzia kwa mwenye duka la mafuta, anayempa lita mbili kwa mali kauli kwa kuwa hajawahi kupitisha siku aliyoahidi. Kijumbe alisema anaanzia kwa dereva wa lori la mkaa, anayemshushia gunia moja alipe akimaliza kuliuza. Shangazi alisema ana kuku wanne ambao hawauzwi kwa jambo lingine lolote. Aliyekuwa anauza kandoro alisema anarudi kwenye kandoro, vifaa vyake vyote anavyo bado, vimefungwa uvunguni mwa kitanda. Ukishasikia majibu kama hayo kwa watu wawili watatu, kaa uandike la kwako: ni nani atakayekupa mali kauli, kwa sababu gani akuamini, na kifaa gani hutakiuza hata iweje. Liandike kabla hujanunua hata kilo moja ya unga.